Kumbukizi ya Mzee Mengi: hakuanzia kwenye kalamu

Mtoto wa Duka (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa, shikamooni.

Kila ikifika tarehe 2 Mei, siku aliyofariki Mzee Reginald Mengi, yule mfanyabiashara mwenye ITV na Radio One, kule Dubai mwaka 2019, simu zetu hujaa kumbukumbu zake. Karibu zote zinasimulia kitu kilekile: kazaliwa fukara Machame, Kilimanjaro, kaunganisha kalamu chumbani kwake, kawa tajiri. Chini picha yake na tai, basi imeisha. Miaka yote nimesoma nikapita. Safari hii nimeshindwa kupita, kwa sababu nimelelewa na mtu wa duka, halafu nikasomea uhasibu, na kipande cha maisha yake kinachorukwa kila mwaka ndicho kilichonifaa mimi kuliko vyote.

Mengi alizaliwa Machame miaka ya 1940, nyumba yenye watoto saba. Hakuwahi kuona aibu kusimulia kwamba walilala nyumba ya udongo pamoja na mifugo, na alilirudia jambo hilo kwenye kitabu cha maisha yake kilichotoka 2018. Mliokulia uchagani mnaijua nyumba ya namna hiyo: ng'ombe upande ule, watu upande huu, moshi wa kuni umeweka weusi kwenye mapaa, usiku unasikia ng'ombe akicheua. Umasikini ulikuwepo, sibishi. Lakini kuna jambo lingine lilikuwepo pale pale mlimani. Wamisionari wa Kilutheri walifika Machame mwaka 1893. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walikuwa na chama chao kikuu cha ushirika, KNCU, tangu 1933. Kwa hiyo mtoto alizaliwa hana kitu, lakini shule haikuwa mbali, na wazazi wa mlima ule walikuwa wameshajua ada ni nini na kahawa inalipa nini. Akapita shule za huko, akafika Sekondari ya Old Moshi, baadaye akavuka bahari kwenda Uskoti kusomea uhasibu.

Hapo ndipo hadithi za kwenye simu zinaporuka. Kutoka nyumba ya udongo zinaangukia moja kwa moja kwenye kalamu, kana kwamba katikati alilala akaamka.

Katikati kuna miaka mingi ya kazi. Alifaulu mitihani ya uhasibu ya Uingereza, ile ambayo mpaka leo ukimwambia mhasibu mwenzangu kwamba umeimaliza atakupa mkono. Akarudi nyumbani akafanya kazi Coopers & Lybrand, kampuni ya ukaguzi wa hesabu, akapanda mpaka akawa mwenyekiti wake hapa Tanzania. Aliondoka pale mwaka 1989.

Niwaeleze ukaguzi ni kazi ya namna gani, maana nimeifanya japo kwa ngazi ya chini kabisa. Mkaguzi anaingizwa ndani ya nyumba za watu. Anafunguliwa kabati. Anahesabu magunia stoo akiwa na vumbi mpaka kwenye kope, halafu anarudi kwenye vitabu kuangalia kama magunia aliyoyahesabu ndiyo yaliyoandikwa. Anaona duka linalojaa wateja likikosa hela ya kulipa mishahara kwa sababu bidhaa zote zimekopeshwa. Anamwona mwenye kiwanda kidogo, hana hata jina mjini, akiba yake imekaa vizuri. Ukifanya hivyo mwaka mmoja unajifunza. Ukifanya miaka kumi na zaidi, tena ukiwa mkubwa wa ofisi, umeona biashara za watu wengine zikizaliwa, zikiugua na kufa, bila wewe kupoteza senti yako. Mimi naamini huo ndio mtaji wake wa kwanza. Kalamu ilikuja baadaye.

Na kalamu yenyewe, vijana wengi hawaelewi kwa nini ilikuwa habari. Ngoja niwape picha.

Mzee wangu alikuwa na duka Himo, njia ya kwenda mpakani. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa mwaka 1977, ukafunguliwa 1983. Katikati kukawa na vita vya Uganda, 1978 hadi 1979, nchi ikatoka humo haina fedha za kigeni. Sabuni hakuna, sukari foleni, nguo tunafua kwa majani ya mpapai. Mwaka 1983 ikaja kampeni ya wahujumu uchumi, na mtu akikutwa na katoni za sabuni chini ya kitanda alikuwa na maelezo ya kutoa. Baba alikuwa na rafu nne za mbao. Namkumbuka akizifuta vumbi kila asubuhi, rafu tupu, anazifuta kama zina mali. Nilimuuliza siku moja kwa nini anafuta mahali pasipo na kitu. Akasema mteja akiingia asione buibui.

Kalamu ya wino wakati huo ilikuwa mali. Nyumbani tulikuwa nayo moja, ya bluu, ya watu wanne. Wino ukigoma unaichukua kalamu unaisugua katikati ya viganja kama unawasha moto, halafu unaipulizia pumzi ya moto pale kwenye kijigololi, unachora mviringo kwenye ukingo wa gazeti mpaka itoe. Mrija ukionyesha wino umebaki kiasi cha punje ya mchele, mama alisema hiyo sasa ni ya mtihani tu, madaftari mtaandika kwa penseli.

Nchi ndiyo ilikuwa hivyo, na mtu huyu anakosa kalamu ya kuandikia ofisini. Akaagiza vipande kutoka nje, akaviunganisha nyumbani kwake. Mwili wa plastiki, mrija, ncha, kifuniko. Mimi naisoma kihasibu: kalamu nzima ni bidhaa, inakula fedha nyingi za kigeni. Vipande ni malighafi, vinakula kidogo, na kazi ya kuviunganisha inabaki hapa nchini, inalipwa kwa shilingi. Mwaka 1984 serikali ikaanza kulegeza masharti ya kuagiza bidhaa, 1985 akaingia Mzee Mwinyi, upepo ukageuka. Aliyekuwa tayari ameshapiga hesabu aliona mlango unafunguka. Wengi tuliona mlango ukiwa umeshajaa watu.

Na jambo ambalo naliomba mlisome mara mbili: wakati anaunganisha kalamu, hakuwa ameacha kazi. Mshahara ulikuwa unaingia. Ameondoka ofisini 1989, biashara ikiwa imeshasimama. Kwenye semina za ujasiriamali nasikia vijana wakiambiwa acheni kazi, chomeni meli, na jina la Mengi linatajwa hapohapo. Hapana jamani. Nimemwona rafiki yangu wa karibu akiacha ajira kwa maneno ya namna hiyo, akiwa na mtoto wa miezi mitatu, na nilikuwepo siku anauza kitanda.

Naomba michango yenu. Mwenye kumbukumbu aweke, mwenye kunisahihisha anisahihishe.

Bibi Kahawa

Marahaba mwanangu. Umenirudisha mbali. Majani ya mpapai, na sisi wengine tulisugulia sufuria majivu mpaka mikono ikapasuka.

Mimi nataka kuongeza upande wa televisheni. Vijana hamuwezi kuelewa. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970, tena ya rangi, lakini huku Bara hatukuwa na kituo hata kimoja. Tulikuwa na Radio Tanzania tu. Taarifa ya habari ilikuwa moja, sauti moja, na tuliipenda. Halafu mwaka 1994 ikaja ITV na Radio One. Mtaani kwetu nyumba yenye televisheni ilikuwa moja, ya mama mmoja muuguzi. Ikifika saa mbili usiku sebule imejaa, watoto mbele chini, wakubwa viti, wanaume wamesimama dirishani nje wameshika nondo. Mwenye nyumba alikuwa anafunga mlango wa chumbani kwa ufunguo, halafu anatukaribisha sote.

Kilichonigusa mimi ni kuona watu wa kawaida kwenye kioo, wakisema Kiswahili chetu. Mama wa sokoni anahojiwa, anasema shida ya maji, na usiku ule ule unamwona.

Mtoto wa Duka (mleta mada)

Shikamoo mama. Asante sana kwa hilo la nondo za dirisha, nimeliona kwa macho.

Niongeze kidogo. Kampuni yake inaitwa IPP, na wengi wanadhani maana yake ni vyombo vya habari. Jina lenyewe ni Industrial Projects Promotion, yaani ni la kukuza miradi ya viwanda. Kwa hiyo tangu mwanzo akili ilikuwa kwenye kutengeneza vitu: kalamu, dawa ya viatu, sabuni, dawa ya meno. Kule Moshi kuna Bonite Bottlers, soda na maji ya Kilimanjaro. Magazeti, redio na televisheni vilifuata. Ukiangalia orodha hiyo ya mwanzo, ni vitu vilevile ambavyo kwenye rafu za baba yangu havikuwepo. Yaani alisoma rafu tupu kama wengine wanavyosoma gazeti.

Nahodha Mstaafu

Mleta mada, nakuheshimu, lakini niruhusu nipinge kidogo. Umeeleza vizuri, ila umejijibu mwenyewe. Mtu ni mwenyekiti wa kampuni kubwa ya ukaguzi, anajulikana benki, anajuana na wakubwa, amesoma Ulaya. Huyo tunamwitaje mtu aliyejijenga mwenyewe? Kijana wa Manzese anayeuza vocha hana hata kimoja cha hivyo. Tukimwambia amuige Mengi tunamwonea.

Mtoto wa Duka (mleta mada)

Kaka Nahodha, hunipingi, unanisaidia. Hilo ndilo lililonifanya nianzishe uzi.

Ukisimulia kwamba alianza na kalamu chumbani, unamdanganya kijana wa Manzese mara mbili. Kwanza unamwambia chumba na kalamu vinatosha. Pili, akishindwa, atadhani tatizo ni yeye. Ukisimulia yote, kwamba kulikuwa na wazazi waliosukuma shule, kulikuwa na shule ya kwenda, kulikuwa na miaka mingi ya kukagua vitabu vya watu, halafu ndipo kukawa na kalamu, hapo kijana anajua safari ina urefu gani na wapi anaweza kuingilia.

Lakini usimpokonye mzee haki yake pia. Wahasibu wa daraja lile walikuwepo wengine, wenye ofisi na marafiki benki kama yeye. Waliokubali kukaa usiku wanaunganisha kalamu, mtu na cheo chake, sijui walikuwa wangapi. Cheo kikishakaa mabegani, vitu vidogo vinakuwa vizito kuviinua. Yeye aliviinua. Hapo ndipo namwita aliyejijenga.

Na hakusahau wanaokuja nyuma. Mwaka 2013, akiwa mwenyekiti wa Taasisi ya Sekta Binafsi, alisimama hadharani kudai Watanzania wapewe nafasi kwenye vitalu vya gesi, na alijibiwa kwa maneno makali. Unaweza kukubaliana naye au usikubaliane. Mimi nilikuwa upande wake.

Nahodha Mstaafu

Nimekuelewa. Nimekubali nusu, nusu nitaendelea kuifikiria. Hiyo ya cheo mabegani ni kweli. Nimestaafu mwaka wa tano sasa na nimeona aibu kuuza mayai wakati kuku ninao.

Mama Mapacha

Habari zenu wapendwa. Mimi sijui mambo ya uhasibu, lakini kwangu Mengi ni yule wa chakula cha mchana na watu wenye ulemavu. Kila mwaka kwenye taarifa ya habari tulikuwa tunaona ukumbi umejaa viti vya magurudumu, magongo, watu wasioona wameshikana mikono. Mdogo wangu wa kiume alizaliwa na miguu isiyotembea. Miaka hiyo kwetu mtoto kama yeye mgeni akija alikuwa anasogezwa chumba cha nyuma. Siku tulipoona ukumbi ule kwenye televisheni, baba yetu alinyamaza muda mrefu. Wiki iliyofuata akamwita fundi seremala akatengeneza kiti chenye matairi ya baiskeli, na kikawekwa barazani, mbele kabisa ya nyumba. Hakueleza kwa nini. Mdogo wangu mpaka leo ana kibanda cha kutengeneza redio na simu, na kile kiti amekihifadhi.

Na kuna watoto wenye matatizo ya moyo aliogharamia wakatibiwe India. Wale sasa ni watu wazima, wana watoto wao. Mungu amlaze pema.

Mtoto wa Duka (mleta mada)

Dada, nimesoma hapa kwenye daladala nikafuta machozi. Mpe mdogo wako salamu zangu nyingi.

Swali Moja

Wakuu, samahani kama naingiza jambo zito. Mnamsifia kama mtu wa familia, lakini baada ya kufariki tuliona mirathi ikifika mahakamani. Mleta mada umelikwepa hilo. Unasemaje?

Mtoto wa Duka (mleta mada)

Sikulikwepa, mkuu, nilikuwa natafuta jinsi ya kulisema kwa heshima.

Kilichopo wazi ni hiki. Wosia ulibishaniwa, na mwaka 2021 Mahakama Kuu ikaubatilisha. Kilichokuwa ndani ya nyumba yao wanakijua wenyewe, na mimi sitamhukumu mjane wala watoto. Wote walifiwa na mtu mmoja. Nikimtazama yeye kama baba, naona mtu aliyemzika mtoto wake wa kiume mwaka 2005, jambo ambalo mzazi yeyote akishalipitia hawi yule wa jana. Naona mtu aliyepata tena watoto wadogo, mapacha, akiwa umri wa babu. Na naona mtu aliyewataja wazazi wake kila aliposimama kueleza mafanikio. Sijui kipimo kingine cha haki cha kumpima mtu kutoka nje ya mlango wake.

Ila umenigusa mahali, kwa hiyo niseme la kwetu.

Baba yangu hakuwa Mengi. Duka lake halikuvuka Himo. Lakini Jumamosi jioni alikuwa na ibada yake. Anafunga milango ya duka, anawasha chemli, anatukalisha kwenye magunia, mimi na dada zangu wawili, na mama. Anamwaga mezani hela za wiki. Kila mtoto anapewa kundi la kuhesabu: mimi sarafu, dada mkubwa noti, mdogo anapanga karatasi za madeni. Halafu anaandika kwenye daftari kubwa la jalada gumu, anasoma kwa sauti: tumeuza kiasi hiki, tunadaiwa kiasi hiki, fulani ametukopa, ada ya dada yenu imebaki hivi. Hakuna mtu nyumbani kwetu aliyewahi kudhani baba ana hela anazificha, kwa sababu sote tumezihesabu. Nikikosea alikuwa hanipigi. Anasema, "Rudia." Tunasubiri wote, hata kama chakula kinapoa.

Alipofariki, siku ya tatu baada ya mazishi, alikuja ndugu mmoja wa karibu, simtaji, akasema marehemu alikuwa amemkabidhi kiwanja cha nyuma ya duka kwa mdomo. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, hana nguvu hata ya kuinua kichwa. Dada mkubwa aliondoka bila kusema neno, akarudi na daftari. Ukurasa wa mwisho baba alikuwa ameandika kila kitu: kiwanja ni cha nani, duka ni la nani, mama akae wapi, nani bado tunamdai na nani tusimdai tena kwa sababu hali yake mbaya. Sahihi yake, na mashahidi wawili, mmoja wa ukoo na mmoja jirani. Yule ndugu alisoma, akakunja miwani, akaomba maji ya kunywa. Mpaka leo tunaalikana harusini.

Baadaye nikiwa nimesoma ndipo nikajua baba alifuata kanuni sawasawa. Sheria ya mila iliyotangazwa 1963 inataka wosia wa maandishi uwe na mashahidi wasiopungua wawili wanaojua kusoma na kuandika, mmoja wa ukoo na mwingine mtu baki, kama mwenye wosia mwenyewe anajua kusoma na kuandika. Kama hajui, wawe wanne. Sijui nani alimwambia. Darasa lake lilikuwa la nne.

Kwa walio tayari sasa, RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, wanaandika na kuhifadhi wosia. Nimeshapeleka wangu. Mke wangu alilia kidogo siku ile, akadhani naficha ugonjwa. Nikamwambia baba alifanya akiwa mzima, anapanda mlima bila kupumzika.

Swali Moja

Asante kwa kujibu kiungwana. Kesho naenda kuuliza utaratibu. Nina wake wawili na sijaandika hata mstari.

Bibi Kahawa

Nenda mwanangu, na uende ukiwa umewaambia wote wawili. Usije ukaandika ya siri.

Mimi nilikuwepo siku ya mazishi, Mei 9. Mwili uliagwa Dar es Salaam, ukumbi wa Karimjee, ukaletwa huku Kilimanjaro, akazikwa kwao Machame. Nilikwenda na wanawake wa jumuiya yetu. Hatukumjua kwa sura zaidi ya kioo cha televisheni, lakini tulikwenda. Barabara ya kupanda ilikuwa imejaa watu wa miguu, na migomba pande zote mbili. Nilimwona mzee mmoja amesimama pembeni peke yake, amevaa koti la suti lililopauka, mfukoni kwenye kifua amechomeka kalamu tatu zimepangana. Sikumuuliza kitu. Nimemkumbuka leo niliposoma uzi huu.

Kijana wa Vocha

Shikamooni wakubwa. Mimi ndiye yule kijana aliyesemwa na Nahodha, siko Manzese lakini nauza vocha kweli. Nimesoma uzi wote. Swali langu ni dogo: nianzie wapi? Nina kidato cha nne, nina meza, mtaji unazunguka kidogo sana.

Mtoto wa Duka (mleta mada)

Marahaba mdogo wangu. Umeuliza vizuri.

Nunua daftari. Sio la gharama, la kawaida, lenye mistari. Andika kila unachouza na kila unachotoa, hata ile ya chai, kwa siku thelathini bila kuruka. Usibadilishe biashara kwanza, andika tu. Ukimaliza mwezi utaona vitu viwili ambavyo sasa huvioni: bidhaa gani inakulisha, na hela inavuja wapi. Najua inaonekana kitu kidogo. Lakini mtu tunayemkumbuka leo alitumia ujana wake wote kusoma madaftari ya watu wengine kabla ya kufungua la kwake.

Pili, usimwache aliyekuajiri, kama yupo, kwa sababu ya hotuba ya mtu.

Tatu, chuo cha ufundi cha VETA, jioni, kozi yoyote inayoingiliana na unachouza. Kama unauza vocha, simu zinaharibika mbele ya meza yako kila siku. Mwulize Mama Mapacha hapo juu, mdogo wake ni fundi.

Mama Mapacha

Aje tu, nitamuunganisha na mdogo wangu. Anapenda kufundisha, wanafunzi wake wawili sasa wana vibanda vyao.

Kijana wa Vocha

Nashukuru sana dada, nashukuru kaka. Daftari nimenunua, niko nalo hapa mezani. Kaka, lile daftari la mzee bado lipo?

Mtoto wa Duka (mleta mada)

Lipo. Dada mkubwa ndiye anayeendesha duka sasa, rafu nne zimekuwa kumi na sita. Daftari liko kwenye droo ya chini, limefungwa kwenye mfuko wa nailoni, pamoja na ile kalamu ya bluu. Kifuniko kimepasuka, mama alikizungushia uzi. Pasaka nilikwenda, nikaitoa, nikaisugua viganjani kama zamani na kuipulizia. Haikutoa wino. Mwanangu wa miaka tisa akaniuliza nafanya nini, nikampa naye ajaribu, akakaa sakafuni akisugua mpaka dada akatuita kula.